Naomba ushauri: nimjibuje mwanafunzi kuhusu fotoni moja?

Wakuu, habari zenu. Nafundisha fizikia kidato cha sita na kuna swali limenikwamisha. Einstein wa 1905 hanisumbui: nishati ya mwanga huja kwa mafungu (kila fungu ni fotoni), ndiyo maana mwanga mwekundu, hata uwe mkali vipi, hauchomoi elektroni kwenye zinki. Hapo darasa linaelewa vizuri.

Shida ni jaribio la mwanafizikia Mwingereza G. I. Taylor, 1909. Mwanga hafifu mno, kiasi cha fotoni kupita mojamoja, ulipita kando ya sindano kwa takribani miezi mitatu, na bado michirizi inayotokana na mawimbi kuingiliana ikajitokeza kwenye bamba la picha. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, fotoni ikipita peke yake inaingiliana na nani?" Sikuwa na jibu la kumtosheleza.

Mliofundisha mada hii, mlianzia wapi? Nianze na uwezekano (probability) wa fotoni kutua mahali fulani, au nitawachanganya zaidi?