Naomba ushauri: mkanda wa tumbo wa kubebea bastola
Habari zenu wakuu. Mimi ni dada yenu, niko Houston, Texas, na nina leseni. Navaa sana madera, mkanda wa suruali sina, kwa hiyo nilinunua ule mpana wa lastiki wa kuzungusha tumboni. Bastola ni Glock 43. Jasho linailowesha lastiki, inalegea. Jana nimeinama kumfunga mwanangu kamba za viatu, nikasikia kitako cha bastola kimegeukia ubavuni. Kinachonitisha zaidi, kitambaa ni laini, ukibonyeza kwa nje unaihisi triga (kifyatulio) kabisa, na Glock hii haina kitufe cha usalama pembeni. Kwa sasa sipandishi risasi chemba. Mnaotumia, mnaweka ganda gumu la kufunika triga? Na kuirudisha bastola mnafanyaje, maana mfuko wa mkanda ukiwa mtupu unajikunja?