Wenye maduka ya vifaa, acheni kutuuzia biti za rangi ya dhahabu mkisema ni kobalti!

Wakuu, huu wizi umezidi. Ulizia biti ya kutoboa stenlesi, unapewa ya rangi ya dhahabu na kuapiwa kwamba "hii kobalti, inatoboa chuma chochote". Uongo mtupu! Dhahabu ile ni taitaniamu naitraidi, utando wa mikroni chache tu. Ukinoa mara moja, kwenye makali haupo tena. Nyingine hata utando hazina, zimepakwa rangi.

Kobalti imo ndani ya chuma chenyewe: chuma cha aina ya M35 kina asilimia 5, cha M42 asilimia 8. Kwenye mkia wa biti tafuta HSS-Co (HSS ni chuma kinachostahimili joto la kukata, Co ni kobalti), ingawa maandishi nayo wanaghushi. Kwa hiyo gusisha ncha kwenye jiwe la grenda. Cheche zikiwa chache, nyekundu iliyofifia, angalau hiyo ni HSS. Zikiruka nyingi, nyeupe, zinapasukapasuka, umeuziwa chuma cha kaboni, kitalainika kwa joto kabla hujatoboa milimita mbili.

Kinachoudhi zaidi, biti mbovu inaharibu na kazi yenyewe. Stenlesi 304, ile ya kawaida, haijakomazwa kwa moto, inakuwa ngumu palepale inaposuguliwa. Biti butu haikati, inasugua tu, chini ya tundu panang'aa kama kioo, na hapo hata M42 mpya inateleza. Mabomba ya bei rahisi ya reli za ngazi, yale ya stenlesi 201, ndiyo balaa zaidi.

Halafu muuzaji anakushauri ufungulie spidi yote! Drili ya mkono inafika mizunguko 2800 kwa dakika. Biti ya milimita 6 kwenye stenlesi inataka 600 hivi, ya 10 isizidi 400. Ncha iwe ya digrii 135 iliyochongwa katikati, siyo 118 ya kawaida, maana hiyo inatangatanga juu ya bomba. Weka oili ya kukatia, kandamiza bila kulegeza. Ikitoa nyuzi ndefu, endelea. Ikitoa unga, simama hapo hapo, imeacha kukata. Nyuzi zikigeuka bluu, punguza spidi.

Tundu likishang'aa, geuza upande wa pili uanze na biti mpya, au tumia ya kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko HSS.

Stenlesi iliyokomazwa kweli, kama 440C ya visu na beringi, ni kesi nyingine: kabaidi tupu, kwenye drili ya kusimama, kazi ikiwa imebanwa kwenye jiliwa. Mkononi itakatika. Na anayekuuzia biti ya zege kwa kazi hiyo eti "nayo ina kabaidi" anakuibia, kwa sababu makali yake ni ya kuponda, hayakati.

Tunachodai: risiti iandikwe M35 au M42, na mteja aruhusiwe kugusisha biti kwenye grenda kabla ya kulipa. Duka linalokataa, msinunue hapo.