Naomba ushauri: kutambua maambukizi baada ya upasuaji kwa rekodi za bima
Wakuu, natafuta wagonjwa waliopata maambukizi kwenye kidonda cha upasuaji, na nilichonacho ni madai ya bima tu. Nimeanza na msimbo T81.4 (maambukizi baada ya upasuaji au tiba kama hiyo) wa ICD-10, ile orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, ndani ya siku 30 baada ya upasuaji, au 90 kwa waliowekewa nyonga bandia. Shida ni kwamba wengi kidonda hutunga usaha wakiwa wamesharuhusiwa kwenda nyumbani, wanatibiwa kliniki nyingine, na msimbo huo hauandikwi kabisa. Nikiongeza antibayotiki, naokota hata waliopewa za kinga tu au wenye maambukizi ya mkojo. Antibayotiki nizihesabu kuanzia siku ya ngapi baada ya upasuaji? Na kati ya kulazwa tena na kusafishwa kidonda, kipi kinaaminika zaidi? Inaniuma kumkosa mgonjwa aliyeteseka kweli. Aliyewahi kulinganisha madai na mafaili ya wagonjwa anisaidie tafadhali.