Mrejesho: mkataba wa maji wa chuo chetu, Tanga

Habari za siku, wakuu. Niliwauliza kama chuo chetu kinunue maji kwa kampuni binafsi yenye kisima kirefu. Tumesaini, ila si rasimu ile ya kwanza iliyotutaka tulipe kiasi kilekile hata wanafunzi wakiwa likizo. Aliyenishauri nidai dira ya maji langoni, Mungu ambariki: sasa tunalipia uniti, yaani lita 1,000, na fundi wetu yupo dira ikisomwa. Kibali cha kutumia maji, kinachotakiwa na sheria ya 2009, walituonyesha.

Nililolipigania zaidi ni chumvi. Huku pwani, kisima kikivutwa kupita kiasi, maji ya bahari hupenya chini kwa chini, na kuyaondoa si kazi ndogo. Kwa hiyo maji yatapimwa kila robo mwaka, na chumvi ikizidi tuna haki ya kuvunja mkataba. Hapo sikulegeza hata neno moja.

Bomba la mamlaka ya maji ya mji, lenye maji ya Mto Zigi kutoka bwawa la Mabayani, hatujalikata. Linabaki jikoni na zahanati. Mabwenini mabinti hawabebi tena ndoo usiku. Kinachobishaniwa bado ni umeme wa pampu, nani alipe.