Naombeni ushauri: Legoland Discovery Centre ya Manchester, nina mtoto wa miezi 19, wa miaka 5 na bibi yao

Mama Wawili:

Habari zenu humu ndani ndugu zangu. Naombeni ushauri kwa mliokwisha kufika.

Tunakaa Leeds, huku Uingereza. Nina watoto wawili, wa kiume ana miaka 5, wa kike miezi 19. Mama yangu mzazi yuko hapa, amekuja kututembelea kutoka Tanga na amebakiza wiki tatu arudi. Likizo ya katikati ya muhula inakaribia na kijana ameng'ang'ania Legoland, mahali pa michezo ya vitofali vya Lego. Si ile kubwa ya Windsor, ni hii ya ndani iliyoko Manchester, pale kwenye jengo la maduka la Trafford Palazzo. Mwenzake wa darasani alikwenda, basi tangu hapo akiamka ni hiyo, akilala ni hiyo.

Mimi nina mambo matatu yananitatiza.

La kwanza ni huyu mdogo. Kila kitu mdomoni. Mwezi uliopita niligeuka kuepua chai tu, kurudi namkuta ametulia kimya, shavu limetuna. Nilimfumbua mdomo nikatoa kitofali cha kaka yake, kile chembamba chenye kidoti kimoja. Usiku ule sikulala. Sasa nimpeleke mahali penye vitofali kwa mamilioni?

La pili, kijana hawezi kelele. Kwenye harusi ya ndugu yetu mwaka jana aliingia chini ya meza akaziba masikio, hakutoka mpaka tukaondoka.

La tatu ni mama. Anasema atatusindikiza lakini atakaa nje kwenye benchi. "Msinilipie mie mtu mzima kwenda kuangalia vinyago." Mume wangu yuko zamu wiki hiyo yote. Na kweli, tiketi ya mtu mzima wa pili pamoja na nauli si hela ndogo kwetu.

Je, niende, au nisubiri mdogo akue? Na mama nimwache nje?

Chausiku86:

Dada pole na hofu ya kile kitofali, naielewa kabisa. Mimi nimekwenda pale mara tatu na wanangu, wa mwisho akiwa mdogo kuliko wako.

Pale pametengenezwa hasa kwa watoto wa miaka 3 hadi 10, kwa hiyo kijana wako ndiyo umri wake. Mdogo ana kona yake ya DUPLO, yale matofali makubwa. Hayo yalianza kutengenezwa mwaka 1969, kila upande ni mara mbili ya tofali la kawaida, urefu, upana na kimo, ili mtoto mdogo asiweze kuyameza. Atayalamba, hilo usijisumbue kumkataza, beba vitambaa vya kufutia. Mgogoro uko kwenye meza za wakubwa, kule vitofali vidogo vidogo vimejaa hadi sakafuni. Huko asikanyage.

Kuhusu kelele: kuna sinema ya 4D, inapuliza upepo na kurusha maji huku sauti iko juu. Iruke. Kuna na kibehewa cha kupanda mnalenga shabaha kwa bastola za mwanga, ndani giza. Mwonyeshe kwanza wenzake wakishuka, akikataa usimlazimishe. Mnunulie vile vikinga sauti vya kufunika masikio, avizoee nyumbani siku mbili tatu kabla. Kitu kitakachomshika ni Miniland, majengo maarufu ya Manchester na miji ya jirani yote kwa vitofali, na kila baada ya muda taa zinafifia panakuwa usiku, vidirisha vinawaka. Mwambie mapema kwamba taa zitafifia, asistuke.

Kata tiketi mtandaoni, usiende kununua mlangoni, na chagua saa ya kwanza kabisa. Saa mbili hadi tatu zinatosha. Usitake kumaliza kila kitu kwa sababu umelipa.

Nesi wa Mwembechai:

Nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi, niruhusuni niseme neno moja kwa uzito wake.

Kumeza na kukabwa ni mambo mawili. Mwaka 2018 madaktari sita wa watoto walimeza kila mmoja kichwa cha kile kijitu cha Lego, wakasubiri kitoke. Kilitoka kwa wastani wa siku 1.71, na mmoja wao hakukiona kabisa. Kwa hiyo kitu laini kilichopita kooni kwenda tumboni kwa kawaida kinatoka. Hao lakini walikuwa watu wazima. Kinachoua mtoto ni kile kilichozuia njia ya hewa, na hapo hamna siku, ni dakika.

Kwa mtoto aliyevuka mwaka mmoja: akiwa anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, mwinamishe umpige mgongoni kati ya mabega kwa kitako cha kiganja, hadi mara 5. Kama hakijatoka, mshike kwa nyuma, ngumi juu ya kitovu, vuta ndani na juu, hadi mara 5. Rudia hivyo, na mtu apige 999, namba ya dharura ya hapa. Usiingize kidole mdomoni kutafuta kitu usichokiona, utakisukuma ndani zaidi. Baada ya kumminya tumbo, hata akipona, mpeleke aonwe na daktari.

Mfundishe na bibi yake hayo kabla hamjatoka. Na nyumbani, chukua kile kibomba cha katikati cha karatasi ya chooni. Chochote cha kaka kinachopita humo kikae juu, mdogo asipofika.

Mzigua Mkweli:

Mimi nasema subiri. Sisemi kwa ubaya dada yangu. Mtoto wa miezi 19 hatakumbuka kitu, na wewe utashinda unamfukuzia mdogo huku mkubwa anakulilia. Kwa hela hiyo hiyo unapita maduka ya cheriti hapo Leeds, unapata mfuko wa vitofali vya mitumba, unaviosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, na kijana anavyo mwaka mzima. Hawa watu wa Lego wenyewe wanasema vitofali sita tu vya vidoti vinane, vya rangi moja, vinaungika kwa njia zaidi ya milioni 915. Sasa safari ya nini?

Chausiku86:

Mzigua, hilo la mitumba ni zuri na mimi hununua huko huko. Ila mtoto hakuomba vitofali. Ameomba kwenda, na bibi yake yupo wiki tatu tu.

Baba wa Bane (Bolton):

Jambo mama. Mniwie radhi Kiswahili changu cha Bukavu.

Mimi nitajibu lile la bibi, juu ya wote wamelipita. Mama, usimwache nje. Fikiri hivi: kijana anataka kupanda kibehewa, na mdogo si wa kupandishwa mle gizani. Nani anabaki na mdogo? Ukiwa peke yako, kijana hapandi, au unaanza kuangalia watoto wawili kwa macho mawili. Niliwahi kwenda mahali pa michezo, si hapo, peke yangu na watoto wane. Mmoja nilimkosa dakika tano. Zile dakika tano bado ninazo mwilini.

Tena pale mtu mzima haingii kama hana mtoto. Akikaa kwenye benchi ndiyo basi, hawezi kusema nimechoka kungoja ngoja niingie.

Nauli: tafuta Family & Friends Railcard, ni kadi ya kupunguziwa nauli ya treni. Watu wazima mnapunguziwa theluthi, mtoto wa miaka 5 hadi 15 asilimia 60. Huyo wa miezi 19 hapandi kwa nauli, chini ya miaka 5 ni bure kwenye treni, na kwenye tramu ya Manchester pia. Treni kutoka Leeds ni kama saa moja, halafu mnachukua tramu ya Trafford Centre mpaka kituo cha mwisho. Kile unachookoa kwenye treni, ongeza kwenye tiketi ya bibi.

Na bibi mwambie hivi: hatuendi kukuonyesha vinyago, tunakuomba utusaidie mtoto. Mama zetu wakiambiwa "njoo ufurahi" wanakataa. Wakiambiwa "nisaidie" wanavaa viatu.

Mama Wawili:

Baba wa Bane, hiyo sentensi ya mwisho nimeisoma nikaweka simu chini. Ndivyo alivyo mama yangu. Nesi, asante, leo jioni tumefanya mazoezi na mdoli, mama kashika haraka kuliko mimi. Mzigua, ushauri wako wa mitumba nimeuchukua, vitakuwa vya sikukuu. Nimekata tiketi za watu wote, saa ya kwanza. Nitaleta mrejesho.

Chausiku86:

Soksi za akiba kwa wote wawili, usisahau. Na njia ya kutokea inapitia dukani, kwa hiyo kubalianeni na kijana mkiwa bado nyumbani: kitu kimoja cha bei fulani, au hakuna.

Mama Wawili (mrejesho):

Ndugu zangu tumerudi salama. Nimekaa siku mbili kabla ya kuandika kwa sababu ya uchovu wa safari.

Kijana alivaa vikinga sauti mpaka Miniland, taa zilipofifia akavivua mwenyewe akaniambia, "Mama, kumbe usiku hauna kelele." Sinema hatukuingia. Kibehewa alipanda mara mbili, mimi naye, mdogo akiwa na bibi yake.

Sasa huyo bibi. Niliwaacha kwenye DUPLO nikarudi nikamkuta ameketi kwenye kistuli cha watoto, kanga ameikunja mapajani, mdogo anampa tofali moja moja, yenye mate. Amejenga nyumba. Na si kibanda, ina vyumba viwili na baraza mbele. Kijana akataka kuweka mlango upande wa nyuma, bibi akamshika mkono akausogeza polepole. "Hapana baba. Mlango uwe huku, upepo unatokea baharini." Kijana akauliza bahari iko wapi. Bibi akachukua matofali yote ya buluu yaliyokuwepo akayapanga chini mpaka kwenye miguu ya mtoto wa watu aliyekuwa anacheza pembeni, na yule mtoto naye akaanza kuwapa ya kwake.

Tulikaa pale saa nzima. Yaliyobaki mengine hatukuyaona na sijutii. Mdogo hakumeza kitu, alilamba tu kama alivyosema Chausiku.

Wakati wa kuondoka kijana alilia kidogo kwa kuwa nyumba inabaki. Nikaipiga picha na bibi yake akiwa nyuma yake. Juzi usiku mama ameniomba nikamtolee ile picha kwenye karatasi, ya kwenye simu hataki. Nimeshaagiza mbili, ya kwake na ya kijana. Anaondoka Jumamosi ijayo.