Nairobi hadi New York: saa 8 kwenda, saa 21 kurudi?

Kifungua Mimba:
Wanajukwaa, hamjambo. Mama yangu atasafiri Julai kutoka Nairobi hadi New York kwa ndege isiyotua njiani. Tiketi inaonyesha kwamba ataondoka saa tano usiku na kufika saa moja asubuhi, yaani saa 8 tu, ilhali kurudi ataondoka saa sita mchana na kufika saa tatu asubuhi ya kesho yake, jumla saa 21. Umbali ni uleule. Je, ni muda gani hasa atakaokuwa angani?

Mwalimu wa Jiografia:
Ndugu, saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni za mahali husika, na mwezi wa Julai New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 7. Ukiongeza 7 kwenye 8 unapata 15 za kwenda, na ukitoa 7 katika 21 unapata 14 za kurudi. Umbali ni takriban kilomita 11,800 kwa njia fupi kabisa ya tufe, ambayo haifuati mstari unaoonekana kwenye ramani ya ukutani, bali hupinda kaskazini kupitia Sudan Kusini, Chad, Algeria na Morocco kabla ya kuvuka Atlantiki, ingawa marubani huibadilisha kulingana na hali ya hewa na ruhusa za anga.

Fundi wa Ndege:
Naongezea kuhusu ile saa moja inayozidi. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini, katika kimo cha ndege kubwa, pepo kali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, hivyo anayekwenda Marekani hukabiliana nazo na anayerudi husukumwa nazo. Majira ya baridi huzidi nguvu. Tena uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, kwa hiyo ndege iliyojaa mafuta ya safari ndefu namna hii huhitaji mwendo mrefu zaidi ardhini kabla ya kupaa, na wakati mwingine hulazimika kupunguza mzigo. Kuondoka usiku, hewa ikiwa imepoa, kunasaidia sana. Kenya Airways ilipoanzisha safari hiyo mwezi Oktoba 2018 ilitumia Boeing 787.

Kifungua Mimba:
Ahsanteni sana. Mama ana miaka 70 na miguu huvimba akikaa sana.

Muuguzi:
Basi mchagulieni kiti kilicho kando ya ujia, ili aweze kuinuka na kutembea kidogo kila baada ya muda bila kumwamsha jirani, na anywe maji mara kwa mara. Kuhusu soksi za kubana, amwone daktari wake kwanza, hasa kama anatumia dawa za moyo au shinikizo la damu. Dawa zenyewe zikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe zisiwekwe kwenye sanduku linalopakiwa chini.