P0135 haitaki kufutika: nipime kwa skana ya simu, kwa mita, au ninunue tu sensa mpya?

BabaNasra (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za jioni. Nina Toyota IST ya 2004, injini 1NZ. Wiki ya tatu sasa taa ya cheki injini imewaka. Kijana mmoja wa gereji alinisomea kwa mashine, elfu ishirini, ikatoka kodi (namba ya kosa) P0135: hita ya sensa ya oksijeni, benki 1 sensa 1, yaani ile ya mbele kabla ya masega (kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi). Akaniambia sensa imekufa, lete nyingine. Nikaenda Gerezani nikapata iliyotumika ya kutoka Japani kwa elfu hamsini na tano, akaifunga, akafuta kodi, taa ikazima. Kesho yake asubuhi sijafika hata Ubungo, imewaka tena. Kodi ile ile (ya mashine, siyo ya TRA).

Sasa niko njia panda. Ninunue kile kidude cha ELM327 nisome mwenyewe kwa simu? Nitafute mita nipime? Au niache ubahili ninunue sensa mpya ya Denso, ambayo dukani wamenitajia laki mbili na ushee? Mafuta inakula kuliko zamani na asubuhi ikiwa baridi inanuka petroli. Mnaojua naomba mnishauri.

Spana17

Mkuu, Denso mpya iweke pembeni kwanza. P0135 haijasema sensa imekufa. Imesema kontroli boksi (kompyuta ya injini) imeangalia umeme unaopita kwenye hita na haikuupenda. Umeme huo unaanzia kwenye rilei, unapita waya, koneta, hita yenyewe, unarudi kwenye kontroli boksi. Pakikatika popote hapo, kodi ni hiyo hiyo. Huyo kijana alisoma jina la barabara akadhani kaona na shimo lilipo.

Kwa faida ya wengine: ile kauri ya zirkonia iliyo ndani ya sensa, inayopima oksijeni kwenye moshi, haifanyi kazi mpaka ifike kama nyuzi joto 300 za Selsiasi na zaidi. Bosch walipoitoa mara ya kwanza kwenye Volvo mwaka 1976 ilikuwa na waya mmoja tu, haina hita, inasubiri joto la moshi. Hita ilikuja miaka ya 80 ili sensa iamke haraka, na isipoe ukiwa umekaa foleni ya Magomeni. Hita isipofanya kazi, gari inaendelea kumwaga mafuta kwa kukadiria muda mrefu zaidi. Harufu yako ya asubuhi inaweza kuwa inatoka hapo.

Njia ya bei ndogo ni mita. Injini ikiwa imepoa, chomoa koneta ya sensa. Utaona waya nne, mbili zina rangi moja. Kwenye Denso hizo mbili huwa nyeusi, na ndizo za hita. Weka mita kwenye omu, gusa mbili hizo upande wa sensa. Kwa Toyota yenye sensa ya kawaida tunatarajia omu 11 mpaka 16 kwenye joto la nyuzi 20. Mita ikiandika OL, hita imekatika.

Mkwaju_MSA (Mombasa)

Naomba niongeze hapo, maana hizo omu 11 nusura zinitie hasara. Nina Fielder ya 2008. Nilipima sensa ya mbele nikapata omu 2.3, nikasema ndiyo basi, imepiga shoti. Kumbe ile si sensa ya kawaida, ni ile ya uwiano wa hewa na mafuta, na hita yake kawaida ni kama omu 1.8 mpaka 3.4. Zinafanana kwa sura, waya nne, nati ileile ya milimita 22. Kwa hivyo ujue kwanza gari lako lina ipi kabla hujahukumu namba.

Mimi niko upande wa ELM, ila mkinunua muwe macho. Gari nyingi zilizotengenezewa soko la Japani, hasa za mwanzoni mwa miaka ya 2000, hazizungumzi na kila kidude. Changu cha kwanza kiliunganika na Mazda ya shemeji, kwenye Corolla yangu ya zamani kikawa bubu. Muombe muuzaji akuonyeshe kikisoma gari lako hapo hapo.

TozoMob

Mbona mnamzungusha mtu. Kata waya mbili za hita, unganisha resista ya omu 12 ya wati 10 upande wa gari, funga kwa tepu. Kontroli boksi itaona mzigo upo, taa haiwaki tena. Mimi natembea hivyo mwaka wa pili.

Spana17

@TozoMob taa imezima, sensa bado baridi. Umemdanganya mlinzi, mwizi yuko ndani. Na hiyo resista inapata moto kweli, karibu na bomba la ekzosi na tepu ya plastiki. Kwako fanya utakavyo, lakini usimpe mwenye familia garini.

BabaNasra

Nimerudi wakuu. Leo nimenunua mita Kariakoo na nimepima kama Spana17 alivyosema. Waya mbili nyeusi, OL. Nimegeuza vipimio, OL. Nimegusanisha vipimio vyenyewe kwa vyenyewe, vinasoma 0.4, kwa hiyo mita ni nzima. Basi sensa ndiyo imekufa, au? Nikachukue Denso?

FundiMwanahawa (Morogoro)

Subiri kaka. Hiyo uliyopima ni ipi? Si ni ile ya Gerezani? Ile iliyotoka na gari iko wapi? Naomba usiniambie kijana aliondoka nayo.

BabaNasra

Ipo dada, niliiweka kwenye buti. Dakika moja.

…

13.4!! Ya zamani inasoma omu 13.4.

FundiMwanahawa

Nilihisi. Basi gari lako linaweza kuwa na matatizo mawili yaliyopandana: la kwanza lilikuwepo, la pili umelinunua. Sensa ya mtumba huwezi kuijua kwa macho. Inang'olewa kwa spana ndefu, inaanguka sakafuni, kauri na hita ndani vinapasuka, ganda la nje linabaki zuri tu. Ukiendelea kununua za mtumba, nenda na mita yako dukani, pima kabla ya kutoa hela. Muuzaji akikataa, hiyo ni habari tosha.

Sasa twende upande wa gari. Hapa ndipo watu wengi wenye mita wanapoangushwa, mimi mwenyewe nikiwemo. Rudisha swichi ON, injini usiwashe. Tazama koneta upande wa gari, matundu mawili yanayokutana na zile nyeusi. Weka mita volti za DC, kipimio cheusi kwenye hasi ya betri. Tundu moja linatakiwa kuwa na volti za betri, 12 na kitu. Lingine ni la kontroli boksi, yenyewe ndiyo inaliunganisha na hasi injini ikiwa inafanya kazi, kwa hiyo usitegemee kitu cha maana pale kwa sasa.

Ukikuta 12 usishangilie. Mita ya dijitali haili umeme. Upinzani wake ni omu milioni kadhaa, kwa hiyo waya uliobaki na unywele mmoja wa shaba utakusomea 12.2 bila aibu. Hita ya omu 13 inataka karibu ampea nzima. Unywele mmoja hautoi. Chukua balbu ya wati 5, ile ya taa ya kuegesha, iunganishe waya mbili: mmoja kwenye lile tundu lenye umeme, mwingine hasi ya betri. Iwake kweli kweli. Na ikiwa inawaka, pima volti palepale kwenye tundu. Zikianguka sana, umeshampata mwizi.

Mwaka juzi nililetewa Premio ambayo ilishabadilishwa sensa mbili MPYA. Kila fundi aliyepita aliweka mita akaona 12, akafunga boneti. Nilipoweka balbu haikuwaka hata nyuzi kuwa nyekundu.

Kibuyu_Znz (Zanzibar)

Maelezo ya bibi Mwanahawa yananitosha, ila kuhusu swali la mwanzo la ulinganisho: mimi ninavyo vyote, skana na mita, na ninaona kila kimoja kina kazi yake. Kodi za hita, yaani P0135 na ile ya nyuma P0141, ni kazi ya mita na balbu. Simu hapo itakusomea kodi tu, basi.

Simu inashinda pale hita ni nzima lakini sensa imezeeka, imekuwa mvivu, kodi kama P0133. Hapo unataka kuona grafu. Sensa ya kawaida ya mbele, injini ikiwa moto, inapanda na kushuka baina ya volti 0.1 na 0.9 bila kutulia. Ile ya nyuma ya masega ndiyo inayotakiwa kutulia. Ya mbele ikikaa chini ya 0.2 muda wote, usikimbilie kuihukumu: usichomoe sensa, puliza kidogo dawa ya kusafishia kabureta kwenye mdomo wa injini wa kuingizia hewa. Ikiruka juu ya 0.8 papo hapo, sensa iko hai na ilikuwa inasema kweli, hewa inaingia mahali. Mara nyingi ni gasketi ya ekzosi iliyotoboka mbele ya sensa, inavuta hewa ya nje. (Moto na sigara mbali, tafadhali.)

Kasoro ya vidude vya bei rahisi ni kuwa vinasoma polepole, kwa hiyo grafu inaweza kuonekana mvivu na sensa haina kosa. Na kwa zile za uwiano kama ya Mkwaju usitafute kuruka huko kabisa, hazifanyi kazi hivyo. Tazama marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ambayo kontroli boksi inaongeza au kupunguza mafuta. Yakipita asilimia 10 juu au chini kwa muda mrefu, kuna jambo.

Mkwaju_MSA

Na silikoni! Ukikuta ncha ya sensa ina unga mweupe, muulize aliyefungua injini alipaka gundi gani kwenye gasketi. Mvuke wa silikoni isiyo salama kwa sensa unaua sensa kimyakimya.

BabaNasra

Wakuu, majibu ya Jumamosi.

Swichi ON, mita ikasema 12.1. Nikakumbuka onyo, nikaweka balbu. Ikawaka kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Mita palepale ikashuka mpaka 3.6. Nikaanza kuufuata waya kwa kidole kutoka kwenye koneta. Kama shubiri moja nyuma yake, karibu na ngao ya joto ya ekzosi, kuna mahali pamezungushwa tepu nyeusi. Ilikuwa imekauka, ikabanduka kama ganda la kitunguu. Ndani waya umesokotwa kwa mkono, umejaa unga wa kijani, nyuzi mbili tatu tu ndizo bado zinashika. Hiyo kazi siijui ni ya nani, gari nimelinunua mkononi mwa mtu.

Nimekata sehemu mbovu yote, fundi umeme wa jirani akaunga kipande kipya kwa kulehemu, akavalisha mpira wa kusinyaa kwa joto, tukaufunga mbali na ngao. Balbu sasa inaumiza macho, volti 11.9 ikiwa inawaka. Nimerudisha sensa yangu ya zamani. Nimefuta kodi. Leo siku ya nne, Kimara–Posta kwenda na kurudi, taa haijawaka, harufu ya asubuhi imepungua sana.

FundiMwanahawa

Safi kaka. Kulehemu upande wa gari sawa. Ila siku ukilazimika kuunga waya za sensa yenyewe, usilehemu, tumia viungio vya kubana: sensa nyingi huvuta hewa ya nje kupitia ndani ya waya zake, na risasi inaziba njia.

TozoMob

Mita umenunua bei gani mkuu?

BabaNasra

Elfu ishirini na tano. Ya Gerezani nimeirudisha dukani nikiwa na mita mkononi, nikampimia mbele yake. Ameniambia mita yangu ni ya Kichina.